Sindano ya miezi mitatu, na swali lililosubiri jibu zaidi ya miaka 20

Mama yangu mdogo ana kadi ya kliniki iliyopauka rangi, anaitunza kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha kura. Ukiifungua unakuta safu ya tarehe kwa miandiko ya manesi tofauti, kila tarehe ikiwa wiki 12 au 13 baada ya iliyotangulia. Sindano, sindano, sindano. Halafu mwishoni mwa 2011 tarehe zinakatika. Zinaanza tena baada ya karibu miaka miwili. Ndani ya pengo hilo ndipo alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho.

Nilimuuliza kwa nini aliacha. Akanijibu, "Walisema redioni sindano inaleta ukimwi. Nikaenda kumuuliza nesi, nesi naye akaniambia na yeye kasikia hivyohivyo."

Mimi nasoma takwimu za afya, kwa hiyo jibu lile lilinikaa kichwani. Nesi hakuwa mzembe. Mwaka ule hata wataalamu wa Geneva hawakuwa na jibu bora zaidi ya lake. Hebu nikusimulie swali lilitoka wapi na lilijibiwaje, maana ni moja ya hadithi za sayansi ambazo wanawake wa huku kwetu walikuwa ndani yake kabisa.

Kwanza, dawa yenyewe. Sindano ya miezi mitatu, ambayo wengi tunaiita Depo, ina homoni iitwayo medroksiprojesteroni, miligramu 150 zinazochomwa kwenye msuli na kuachiliwa polepole mwilini. Inazuia yai lisipevuke na inafanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito. Ilitengenezwa na kampuni ya Upjohn ya Marekani, na miaka ya 1960 ikaanza kujaribiwa kama njia ya uzazi wa mpango. Kuanzia 1967, maelfu ya wanawake walipewa sindano hiyo katika kliniki ya hospitali ya Grady huko Atlanta, wengi wao wakiwa weusi na wenye kipato cha chini. Jinsi walivyofuatiliwa na jinsi kumbukumbu zao zilivyotunzwa vililaumiwa sana baadaye.

Wakati huohuo mbwa wa maabara waliopewa dawa hiyo walipata uvimbe kwenye matiti. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa mwaka 1978 kuiruhusu kama njia ya uzazi wa mpango, na haikuiruhusu mpaka 1992. Sasa angalia: katika miaka hiyo yote ambayo mwanamke wa Chicago hakuruhusiwa kuuziwa kwa kazi hiyo, mwanamke wa nchi maskini alikuwa akichomwa. Sheria ya Marekani ilizuia kusafirisha nje dawa isiyoidhinishwa ndani, lakini kampuni ilikuwa na kiwanda Ubelgiji. Basi ikatoka huko.

Kusini mwa Afrika mambo yalikuwa na sura nyingine tena. Chini ya serikali za wazungu za Rhodesia na Afrika Kusini, sindano ilisukumwa hasa kwa wanawake weusi, na wengi waliiona kama silaha ya kupunguza idadi yao. Zimbabwe ilipopata uhuru, waziri wake wa afya aliipiga marufuku mwaka 1981. Nakueleza haya kwa sababu ukisikia mtu anasema "hizo dawa wazungu wametuletea kutumaliza", usikimbilie kucheka. Madai yenyewe ni ya uongo, lakini hofu ile ina historia, tena historia iliyoandikwa.

Ila pia usisahau upande wa pili: wanawake waliipenda. Hapa Tanzania, chama cha UMATI kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1959, Kenya ikawa na mpango wa serikali tangu 1967, na sisi tukawa na mpango wa taifa mwaka 1989. Kadiri huduma zilivyofika vijijini ndivyo sindano ilivyotangulia njia nyingine. Katika utafiti wa taifa wa 2015-16, asilimia 32 ya wanawake walioolewa walikuwa wanatumia njia ya kisasa, na sindano peke yake ilikuwa na asilimia 13, vijiti 7, vidonge 6.

Ukitaka kujua kwa nini, kaa kwenye benchi la kliniki asubuhi moja usikilize. Vidonge vinaonekana. Vinakaa kwenye droo, mtoto anavichezea, mume anavikuta. Kitanzi kinahitaji upande kitandani upimwe, na kwa wengine kinaongeza damu na maumivu ya tumbo wakati wa siku zao, ingawa cha shaba hakina homoni na kinaweza kukaa miaka 10. Kijiti kinapapaswa mkononi chini ya ngozi. Ukipata mume mwenye maswali, mkono wako utakusema. Sindano? Unachomwa, unapitia sokoni, unarudi na mchicha. Hakuna alama. Mama mdogo aliniambia alikuwa anaacha kadi kwa jirani.

Ina gharama zake. Hedhi inavurugika au inakata kabisa, na huo uzazi hauharakishi kurudi: kwa kawaida inapita miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla mwanamke hajashika mimba, na wengine zaidi. Kijiti ukikitoa, uzazi unarudi haraka. Kwa hiyo hakuna njia iliyo bora kwa wote. Kila mmoja anapima damu, siri, mume, umbali wa zahanati na watoto anaowataka, kisha anachagua maudhi anayoweza kuishi nayo.

Kwenye mizani hiyo, kuanzia miaka ya 1990, ukaongezwa uzito mmoja ambao hakuna aliyejua ni kilo ngapi: VVU.

Kima, wenza, na kosa la kulinganisha

Mwaka 1996 watafiti waliwawekea kima wa kike vijiti vya projesteroni, kisha wakawaweka kwenye hatari ya virusi vinavyofanana na VVU kupitia ukeni. Waliowekewa homoni waliambukizwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Lakini kima si mtu, na homoni ile haikuwa Depo yenyewe. Zikafuata tafiti za wanawake, moja ikisema hatari ipo, nyingine ikisema haipo.

Halafu ukaja mwaka 2011. Utafiti uliofuatilia wenza 3,790 katika nchi saba za Afrika, ambao mmoja wao ana VVU na mwenzake hana, uliripoti kwamba wanawake waliokuwa wakitumia njia za homoni, hasa sindano, waliambukizwa karibu mara mbili ya wasiotumia. Habari ilizunguka dunia kwa siku chache. Ndiyo ile iliyomfikia mama mdogo redioni.

Mimi ningekuwa nesi ningesema nini? Hapa ndipo takwimu inapouma. Wanawake wale hawakupangiwa sindano na mtu, walijichagulia. Na mwanamke anayechagua sindano huenda anatofautiana na asiyechagua kwa mambo mengi. Anayetumia sindano huenda haoni tena haja ya kondomu, maana mimba ameshaizuia. Huenda mumewe ni yule wa kutoambiwa kitu. Huenda anafanya tendo mara nyingi zaidi. Ukimkuta ameambukizwa, utajuaje kama ni dawa au ni maisha yaliyomfanya achague ile dawa? Watafiti walijaribu kurekebisha kwa hesabu, lakini huwezi kurekebisha kitu ambacho hukukipima, na watu hawasemi ukweli wote kuhusu kondomu. (Mimi mwenyewe nimewahi kuuliza swali hilo kwenye dodoso. Utaona mtu anatazama dirishani.)

Shirika la Afya Duniani likakutana mwanzoni mwa 2012 na kusema sindano iendelee bila kizuizi, ila wanaoitumia na walio hatarini washauriwe sana kutumia kondomu pia. Mwaka 2017 likaishusha daraja moja: inatumika, lakini mwanamke aelezwe kwamba huenda kuna hatari. Jaribu kumweleza hivyo mtu aliyetembea saa mbili kuja kliniki. "Huenda" maana yake nini? Achome au asichome? Ukimnyima sindano naye hapati njia nyingine, anarudi nyumbani kubeba mimba, na mimba nayo katika nchi zetu inaua.

Kura

Njia pekee ya kukata mzizi ilikuwa kuondoa uchaguzi. Yaani wanawake wasichague wenyewe, wapangiwe kwa bahati nasibu, ili makundi yafanane kwa kila kitu kilichopimwa na kisichopimwa, isipokuwa njia wanayotumia. Jaribio hilo liliitwa ECHO, likaanza mwishoni mwa 2015 katika vituo 12 vya Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya. Kituo cha Kenya kilikuwa Kisumu. Wanawake 7,829 wenye umri kati ya miaka 16 na 35, wote hawana VVU na wote wanataka kuzuia mimba, walikubali kupangiwa moja kati ya tatu: sindano, kitanzi cha shaba, au kijiti aina ya Jadelle.

Wengi walipinga kabla halijaanza. Walisema: wanawake wetu wamepiganiwa miaka yote wapate haki ya kuchagua, leo mnawapigia kura? Na kama mnashuku dawa ina madhara, mnawachomaje? Hoja ni nzito, na sidhani mpaka leo imejibiwa kwa ukamilifu. Jibu la watafiti lilikuwa kwamba mamilioni walikuwa tayari wanachomwa kila miezi mitatu bila kujua, na kwamba aliyeingia kwenye jaribio aliruhusiwa kubadili njia au kuacha wakati wowote. Mimi nilipoanza kusoma habari hii nilikuwa upande wa wapinzani. Kilichonibadilisha ni kadi ya mama mdogo. Yeye mwaka 2011 alichagua, ndiyo, lakini alichagua gizani.

Kuna jambo lilinishangaza. Ungetegemea mtu aliyepangiwa njia asiyoiomba aiache mapema. Haikuwa hivyo. Kwa zaidi ya asilimia 90 ya muda wa ufuatiliaji, wanawake walibaki kwenye njia waliyopangiwa, hata wale wa kitanzi, ambacho kliniki nyingi husema "wanawake wetu hawakitaki". Najiuliza kama hawakitaki, au hawajawahi kupewa na mtu aliyefundishwa kukiweka vizuri na mwenye muda wa kuwasikiliza kikiuma.

Majibu yalitoka Juni 2019. Jumla ya maambukizi yalikuwa 397: kundi la sindano 143, kitanzi 138, kijiti 116. Kwa macho unaweza kusema kijiti kimeshinda, lakini katika makundi ya wanawake 2,600 kila moja, tofauti ya namna hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu. Jaribio lilikuwa na uwezo wa kuona ongezeko la hatari la asilimia 50 au zaidi, na halikuliona. Ile "mara mbili" ya 2011 ikaanguka. Ongezeko dogo, jaribio halikuweza kulikana. Tena halikuwa na kundi lisilotumia chochote, kwa hiyo liliweza kulinganisha njia kwa njia tu. Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likairudisha sindano daraja la kwanza.

Lakini namba iliyoninyima usingizi si hiyo. Ni 3.81. Katika kila wanawake 100 waliofuatiliwa kwa mwaka, karibu wanne waliambukizwa VVU, njia yoyote waliyokuwa nayo. Hawa hawakuchaguliwa kwa kuwa hatarini. Walikuwa wanawake wa kawaida waliokuja kutafuta uzazi wa mpango, wengi wao chini ya miaka 25, waliokuwa wanapewa kondomu na ushauri kila walipokuja. Tulibishana juu ya sindano zaidi ya miaka 20, na muda wote huo mabinti walikuwa wanakaa kwenye benchi la uzazi wa mpango, wanaulizwa kuhusu mimba, na kuhusu VVU hawaulizwi ipasavyo kwa sababu ule ni mlango mwingine, wenye nesi mwingine na daftari lingine.

Tangu hapo rafu nayo imebadilika. Jadelle ilishushwa bei kwa nchi maskini kuanzia 2013, kutoka dola 18 hadi 8.50, na vijiti vikaanza kuonekana hata kwenye zahanati ndogo. Na sindano yenyewe imepata mdogo wake: ya miligramu 104, inachomwa chini ya ngozi, na mwanamke anaweza kufundishwa kujichoma mwenyewe nyumbani.

Nilimpelekea mama mdogo majibu haya, nikamchorea makundi matatu nyuma ya bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama wale wanawake wa Kisumu walilipwa nauli. Nikasema tafiti za namna hii huwa zinarudisha nauli. Akauliza tena: wale 397, walipoambukizwa, waliwaambia waume zao?

Nikarudi kwenye makala ya utafiti kutafuta. Zipo jedwali za homoni, umri, kondomu, idadi ya wapenzi. Hilo sikulikuta.