Shimo Likijaa

Mwaka 1973, kwa wiki 12, watu wazima katika vijiji vya Tanzania walikuwa wakikusanyika chini ya miembe, madarasani na kwenye ofisi za chama cha TANU kusikiliza redio. Kipindi kiliitwa Mtu ni Afya. Kikiisha, kiongozi wa kikundi alifungua kitabu na mjadala ukaanza: malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa tayari imeendesha kampeni ya redio ya Wakati wa Furaha mwaka 1971, lakini safari hii walioshiriki walifika kama milioni 2, na hawakutakiwa kuishia kusikiliza. Kila mjadala ulipaswa kuzaa kazi: fyeka majani, fukia madimbwi, chemsha maji, chimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Haja ilikuwa kubwa. Hiyo ndiyo miaka ambayo watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Familia inayoishi peke yake katikati ya shamba lake inaweza kwenda kichakani miaka yote bila madhara makubwa. Familia mia tatu zilizopangwa kwa mistari haziwezi, kwa sababu kichaka cha mmoja ni uwanja wa watoto wa mwingine, na mnyoo wa safura hupenya kwenye nyayo za asiyevaa viatu.

Mwaka huohuo, nchini Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, mwanasayansi Peter Morgan wa Maabara ya Utafiti ya Blair alikuwa akihangaika na nzi. Choo cha shimo kilikuwa na maadui wawili, harufu na nzi, na watu wengi walikikimbia kwa sababu hizo hata pale walipokuwa nacho. Morgan alisimamisha bomba la hewa kutoka shimoni hadi juu ya paa, akaliziba mdomo kwa wavu. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni, na hewa safi hushuka kupitia tundu la choo kujaza nafasi yake, kwa hiyo aliyeingia chooni hasikii harufu. Nzi anayezaliwa shimoni hufuata mwanga. Chumba kikiwa na giza, mwanga anaouona uko juu ya bomba, hupanda huko, hunaswa na wavu na kufa. Ndiyo maana vyoo vingi vya aina hiyo vilijengwa kwa ukuta uliojikunja kama kombe la konokono, bila mlango ambao mtu angeusahau wazi.

Kisha akahesabu. Katika siku 78 za jaribio, shimo lisilo na bomba lilitoa nzi 13,953. Lenye bomba na wavu lilitoa 146. Sijui takwimu nyingine katika historia ya afya ya umma Afrika inayosema mengi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, choo cha Blair kikawa choo cha taifa vijijini, na katika Muongo wa Kimataifa wa Maji, 1981 hadi 1990, mfano wake ukaenea Botswana, Lesotho, Ghana na kwingineko. Mwaka 2013 Morgan alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm.

Lakini si choo cha Blair wala mashimo ya Mtu ni Afya yaliyokuwa na jibu la swali moja, nalo ni la hesabu rahisi. Wahandisi hukadiria kwamba mtu mmoja huacha shimoni lita 40 hadi 60 kwa mwaka, baada ya maji kunywea ardhini na kinyesi kusagika. Familia ya watu 6 yenye shimo la mita za ujazo 3 ina miaka kama 10. Shimo la mwaka 1973, basi, lilijaa kwenye mwaka 1983. Kijijini hilo si tatizo. Unalifukia, unachimba jingine hatua chache mbele, na juu ya lile la zamani unapanda mgomba au mpapai, nao hustawi kupita yote ya jirani. Baadaye Morgan mwenyewe alikijengea kanuni kitendo hicho: shimo fupi la mita moja hivi, udongo na majivu kila baada ya kujisaidia, bamba la kuhamisha, kisha mti. Mjini hakuna hatua chache mbele. Kuna ukuta wa jirani.

Watu wa pwani walilijua hilo zamani. Katika magofu ya Gedi, karibu na Watamu, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, vyoo vimo ndani ya nyumba za mawe: tundu juu ya shimo refu, na pa kutawazia. Lamu, birika la maji chooni liliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ulikuwa ustaarabu wa hali ya juu. Hatari yake ilikuwa chini, kwa sababu mwamba wa matumbawe unaonyonya uchafu wa choo ndio huohuo unaotoa maji ya kisima. Kipindupindu kilipoiangamiza Zanzibar mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie alikiandikia kitabu kizima, na katika miaka ya 1880 Sultani Barghash alileta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi ya nje ya mji. Maji yalipata mfereji. Kinyesi kilibaki shimoni.

Ulaya ilichagua njia nyingine, ya kusukuma kila kitu kwa maji, na ushindi wa njia hiyo umefanya tusahau kwamba kulikuwa na mpinzani. Mchungaji Henry Moule wa Fordington, kusini mwa Uingereza, alizika waumini wake katika milipuko ya kipindupindu ya 1849 na 1854. Aliacha kutumia shimo la majitaka nyumbani kwake, akaanza kufukia kinyesi bustanini, na akagundua kwamba baada ya wiki chache huwezi kukitofautisha na udongo. Mwaka 1860 alipata hataza ya choo kinachomwaga udongo mkavu badala ya maji. Kilitumika shuleni, magerezani na kambini, hadi India ya wakoloni. Kisha mifereji ya London ikakifunika. Mwaka 1939 Mswidi Rikard Lindström alijenga Tyresö, kando ya Bahari ya Baltiki, tangi kubwa lenye sakafu ya mteremko: kinyesi na mabaki ya jikoni vinaingia juu, vinaoza polepole huku hewa ikipita, mboji inatolewa chini.

Hatua iliyo karibu zaidi na maisha yetu ilipigwa Vietnam ya Kaskazini mwaka 1956. Wakulima wa mpunga walikuwa wakipeleka kinyesi kibichi mashambani, na minyoo ikawa haiishi. Serikali haikuwakataza kutumia mbolea yao. Iliwapa choo chenye vyumba viwili juu ya ardhi: kimoja kinatumika, kingine kimefungwa na kinakaushwa, mkojo una mfereji wake, na majivu yanamwagwa kila mara. Nguvu iko katika kukausha na kusubiri. Yai la mnyoo wa tumboni ni gumu kuliko karibu vijidudu vyote vya kinyesi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja katika nchi za joto kabla ya kupelekwa shambani, au angalau miezi 6 kikiwa kimechanganywa na majivu au chokaa ya kutosha. Miezi miwili iliyokuwa ikihesabiwa mwanzoni Vietnam ilikuwa michache mno.

Mawazo haya yalifika Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Kitengo cha Taifa cha Utafiti wa Nyumba na Ujenzi kilijaribu vyoo vya mboji vya ukoo wa tangi la Lindström, kama ilivyofanyika Botswana. Matokeo hayakuridhisha, na ripoti za Benki ya Dunia za mwaka 1980 zilisema vyoo hivyo vilihitaji uangalizi mkubwa mno kwa kaya ya kawaida. Kiini cha matatizo kilikuwa unyevu. Mboji inayooza vizuri ina unyevu kama wa udongo wa bustani baada ya mvua ndogo. Ukizidi, hewa hukatika, uvundo huanza na nzi hurudi. Uswidi hutumia karatasi. Mswahili anatawaza kwa maji, na kutawaza si mazoea ya kuombwa ayaache. Ni twahara, na ni heshima. Fundi aliyechora choo bila kuuliza yale maji yataenda wapi alikuwa amechora choo cha watu wengine.

Somo hilo hata hivyo halikupotea. Mswidi Uno Winblad na Mtanzania Wen Kilama, mwanasayansi aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, waliandika pamoja kitabu cha Sanitation Without Water, kilichotoka mwishoni mwa muongo huo na kuchapishwa upya mwaka 1985. Ni kitabu chenye michoro mingi kilichokusanya vyoo vikavu vya dunia nzima na kueleza ni kipi kinafaa wapi, kwa udongo gani na kwa mazoea gani. Nasikitika kwamba jina la Kilama halitajwi inavyostahili vyoo vinapozungumzwa. Mengi ambayo mashirika yalikuja kuyaita usafi endelevu wa mazingira yamo humo.

Zanzibar pia iliongeza lake. Mji wa Makunduchi ulikuwa na mbu wengi wanaozaliana katika vyoo vyenye maji, na mbu hao ndio waliokuwa wakisambaza matende na mabusha. Mwaka 1988 watafiti walimwaga vyooni chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, tabaka la kutosha kufunika maji, huku wakazi wakipewa dawa. Viluwiluwi vilikosa hewa, mbu wakapungua mno na ugonjwa ukashuka, bila dawa ya kuua wadudu kunyunyizwa, na tabaka liliendelea kufanya kazi kwa miaka. Leo mtu angesita kumwaga plastiki shimoni, na kwa haki.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa inajaa. Ni kama mtu mmoja tu kati ya kumi aliyeunganishwa na mfumo wa majitaka. Waliobaki wana mashimo, na katika maeneo ya mabondeni maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi. Gari la kunyonya majitaka halipiti vichochoro vya Manzese au Keko. Kwa hiyo kazi ikawa ya vyura, vijana wanaoshuka shimoni na ndoo, mara nyingi usiku, baada ya kumwaga mafuta ya taa kuua harufu. Wanachimba shimo jingine pembeni na kuhamishia humo. Asiye na nafasi wala pesa husubiri masika, akatapisha choo mvua inaponyesha, na uchafu ukashuka na mtaro hadi kwa majirani wa chini. Tukitaka kujua kipindupindu kinatoka wapi mvua zikianza, jibu ndilo hilo.

Kati ya 1988 na 1992, idara ya majitaka ya jiji na wataalamu wa shirika la Kiholanzi la WASTE walitengeneza mtambo wa MAPET: tangi la lita 200 kwenye mkokoteni, na pampu ya kuzungusha kwa mkono kwenye mkokoteni wa pili, yote miwili myembamba ya kupita uchochoroni. Vyura walipata chombo, jina na wateja. Ulikuwa mtambo mzuri, ukafa kifo cha mitambo mizuri mingi: kipuri muhimu kilitoka Kenya, na kilipoharibika hakukuwa na aliyewajibika kukileta. Mnamo 2007 Mwingereza Steven Sugden alibuni Gulper, pampu ya mkono ya bomba na fimbo ambayo fundi wa gereji yeyote anaweza kuichomelea. Ilijaribiwa Temeke, ikapakiwa kwenye pikipiki za magurudumu matatu. Pampu inayorekebishika Tandika inafaa kuliko pampu bora inayosubiri meli.

Nairobi walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2011 kampuni ya Sanergy iliweka vyoo vya Fresh Life katika mitaa ya Mukuru: mkojo na kinyesi vinatengana tangu juu, vinakusanywa kwenye vyombo vinavyobadilishwa mara kwa mara, na hakuna shimo la kujaa. Kinyesi hugeuzwa mbolea, na hulisha funza wa nzi askari mweusi ambao hukaushwa kuwa chakula cha mifugo. Kibera, shirika la Umande Trust limejenga vyoo vya umma ambavyo gesi yake hupikia. Naivasha, kampuni ya Sanivation hutengeneza makaa kutokana na kinyesi kilichopashwa joto na kukaushwa. Mauzo ya mbolea na makaa hayatoshi kulipa gharama za kukusanya, na hapo ndipo serikali za miji zinapaswa kuingia, kama zinavyoingia kulipia mitaro ya majitaka ya wenye nyumba kubwa bila mtu kuuliza kama mitaro hiyo inaleta faida.

Dar es Salaam na miji mingine sasa ina mitambo midogo ya kusafisha tope la vyoo mitaani, inayoendeshwa na mteremko wa ardhi, changarawe na mimea, bila umeme mwingi. Inahitaji mtu wa kuifikishia tope. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na WaterAid walitoa ripoti ya pamoja juu ya wafanyakazi wa usafi wa mazingira duniani, ikieleza jinsi wengi wanavyofanya kazi bila kinga, bila mikataba na bila kutambuliwa na sheria. Chura wa Dar es Salaam ni mmoja wao. Anahitaji buti na glavu, chanjo ya homa ya ini, leseni inayomruhusu kufanya kazi mchana, na mahali halali pa kumwaga tope palipo karibu kiasi kwamba nauli haitamla faida yake yote.