Mkanda Ndani ya Usukani

Pijo 404 ya Guka ilikaa miaka 19 nyuma ya nyumba yetu hapa Nakuru, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Nilipoanza kuifufua, injini haikunisumbua sana. Kilichonitia hofu ni usukani. Ulikuwa unacheza: unauzungusha, magurudumu hayana habari. Gari kama hilo ukiliteremsha Mai Mahiu, bana, unaenda kuzikwa.

Wengi wetu husimulia 404 kwa hesabu ya ushindi. Safari Rally ya 1963 magari 84 yaliondoka, 7 tu yakamaliza. Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa 404. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania wakashinda nayo 1966 na 1967, kisha Nowicki na Cliff wakarudia 1968. Mara 4 ndani ya miaka 6! Lakini rally ilikuwa siku chache tu za Pasaka. Siku zilizobaki Pijo ilikuwa teksi na matatu, ikibeba watu na magunia. Mafundi walioiweka barabarani hakuna aliyeandika majina yao.

Fundi wangu, mzee wa jua kali, alinieleza ugonjwa. Kwenye 404 wenzo wa gia hauko sakafuni, umefungwa pale pale chini ya usukani. Mkono haupumziki, na vumbi halikosi njia. Bushi zinazoshika chuma cha usukani ndani ya bomba lake huliwa polepole.

Tukafungua nati, tukachomoa kile chuma kirefu. Juu, bushi ya kiwandani ilikuwa imeisha. Chini haikuwepo kabisa. Badala yake palikuwa na ngozi, imekatwa na kuviringishwa vizuri, imelowa grisi hadi ikawa nyeusi.

"Huyu alikuwa fundi," mzee akasema. "Spea hakuna, na gari lazima litoke asubuhi."

Mimi nilitaka spea za Ufaransa, kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Mzee alinitazama tu. Akapima, akapeleka kipande cha shaba kikakerezwe, na jioni tukawa na bushi mbili mpya. Kabla ya kukaza akanizuia mkono.

"Magurudumu yaangalie mbele, usukani nao uangalie mbele. Ukikosea jino moja, kijana, utaendesha ukiwa umepinda."

Tukalijaribu hadi Njoro na kurudi. Lilinyooka.

Ile ngozi niliiosha kwa petroli. Ikatokea mishono pembeni na matundu matatu yaliyopangana. Kumbe ni mkanda wa suruali. Nikampelekea Shosho. Aliugeuzageuza mkononi, halafu akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kuna siku Guka yako alifika nyumbani usiku, ameshika suruali kwa mkono mmoja. Nilimgombeza wiki nzima. Hakuniambia ni kwa nini."