Land Rover
Land Rover (kwa matamshi ya wengi: Landrova) ni aina ya magari yenye asili ya Uingereza, yanayojulikana hasa kwa kupita njia mbovu. Gari la kwanza lilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 na kampuni ya Rover ya Solihull. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana gari kuukuu huweza kuwa na bodi isiyo na kutu huku chasisi yake, ambayo ni ya chuma, imeoza.

Nchini Tanzania lilitumiwa na serikali, polisi, hospitali na misheni. Maarufu zaidi ni "109", yaani inchi 109 (takriban sm 277) kati ya ekseli mbili. Vijijini lilibeba wagonjwa, abiria na magunia kwa safari moja. Usukani wake ni mzito na huvuja oili, lakini fundi mwenye spana chache aliweza kulitengeneza barabarani. Sifa hiyo haipatikani katika matoleo mapya yenye kompyuta. Baadaye Toyota Land Cruiser ilichukua sehemu kubwa ya nafasi yake.

Umiliki umebadilika mara nyingi: Leyland (1967), BMW (1994), Ford (2000) na tangu 2008 Tata Motors ya India, nchi iliyopata uhuru kutoka Uingereza mwaka mmoja tu kabla ya gari hilo kuzinduliwa. Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016. Oktoba 2024 wamiliki wengi walikusanyika Arusha na magari yao, mengi yakiwa ya zamani.