Urambo: ushirika uliouza umeme

Mwaka 1993 wakazi wa Urambo, magharibi ya mji wa Tabora, walisajili chama cha ushirika ambacho hakikuuza tumbaku wala asali. Kiliuza umeme. Mwaka uliofuata kilianza kuwahudumia wateja wake kwa jenereta za dizeli. Jina lake kwa kifupi lilikuwa UECCO, na aliyetaka kuwa na taa nyumbani alijiunga, akachangia, akawa na sauti katika mambo ya mitambo. Shirika la umeme la taifa, TANESCO, na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm zilisaidia kukianzisha, kwa fedha za msaada kutoka Sweden.

Urambo inabeba jina la dola ya Mtemi Mirambo, mtu aliyeifunga njia ya misafara mwaka 1871 alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, na kila siku ya safari iliongeza bei ya kitambaa au shanga alizobeba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ikafupika, lakini umbali haukuacha kudai chake. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliichagua Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kwa mradi wao mkubwa wa karanga. Mradi ulipokufa, tumbaku ikashika nafasi.

Dizeli nayo ilitoka mbali. Ndiyo maana uniti ya UECCO iliuzwa kwa bei ya juu sana kuliko ile ya TANESCO, na mitambo iliwaka kwa saa chache tu za jioni. Wengi wangetabiri kwamba wateja wangekimbia. Badala yake waliongezeka, kutoka chini ya 100 mwaka 1994 hadi kufikia 250 hivi mwaka 2002. Mlinganisho wa mkazi wa Urambo haukuwa na bei ya Dar es Salaam, bali na mafuta ya taa yaliyokuwa yakimulika nyumba yake. Tena bei ilipangwa na chama chake mwenyewe, kilichojua pipa la dizeli limegharimu kiasi gani.

Gridi ndogo haina pa kujificha. Katika Gridi ya Taifa, mtu mmoja akiwasha pasi hakuna anayehisi. Katika gridi inayoendeshwa na jenereta moja au mbili, pasi chache zikiwashwa pamoja taa za mtaa mzima hufifia. Kwa hiyo Urambo yalijaribiwa pia matumizi ya balbu zinazotumia umeme kidogo, ili jenereta ileile ihudumie nyumba nyingi zaidi. Kazi ngumu kuliko kutengeneza injini ilikuwa hesabu: nani ameunganishwa, anatumia kiasi gani, amelipa, na dizeli iliyobaki inatosha hadi lini. Hesabu hiyo iliwekwa na watu, siku kwa siku, na naiheshimu kuliko mtambo wowote.

Mwaka uleule wa 1993 una maana nyingine katika historia hii. Mfumo wa tokeni ulioasisiwa Afrika Kusini, ambao mita za LUKU, zile za kulipia umeme kabla ya kuutumia, huutumia, huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuzihesabu ni dakika 16,777,216 tu. Zingeisha tarehe 24 Novemba 2024. Kwa sababu hiyo mwaka 2024 wateja wa TANESCO waliombwa kuboresha mita zao: waliingiza kwanza makundi mawili ya tarakimu 20, kisha tokeni yenyewe. Wengi walidhani ni usumbufu mpya wa shirika, kumbe ilikuwa programu iliyozeeka ndani ya mita.

LUKU ilikomesha bili za makadirio, lakini mita ya aina hiyo inamjua mteja wake peke yake. Haijui kama mtambo umezidiwa, wala mtambo haujui nini kinaendelea sebuleni. Pengo hilo lilizibwa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na ghafla mtu wa kijijini aliweza kulipia umeme wa shilingi mia chache bila kupanda basi. Magharibi ya Kenya vijana waliounda mifumo ya SteamaCo waliunganisha mita na kompyuta ya mbali kwa kutumia ujumbe mfupi wa simu. Hapa Tanzania kampuni ya Devergy iliweka gridi za sola zenye mita zinazowasiliana, na mwaka 2016 JUMEME ikawasha gridi ya sola Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria.

Katika gridi za aina hii programu hufuatilia betri, inveta na mita za nyumba zote kwa pamoja. Salio likiisha, mita hukata. Likilipwa, hurudisha bila fundi kupanda nguzo. Betri zikishuka usiku, programu inaweza kupunguza mzigo wa mashine za kusaga na kuiachia zahanati. Umeme unaotoka kituoni ukizidi sana ule uliopimwa majumbani, msimamizi anajua kuna waya wenye kasoro au kazi ya vishoka, hata kama yuko Dar es Salaam.

Ila programu haipangi bei. Mwaka 2020 serikali ilielekeza gridi ndogo zitoze shilingi 100 kwa uniti, sawa na TANESCO vijijini. Kwa mwanakijiji ilikuwa nafuu ya kweli. Kwa kampuni isiyo na ruzuku, mapato yalianguka chini ya gharama. Urambo ilikuwa imeonyesha mapema kwamba watu hukubali bei kubwa wanapoziona hesabu. Katika gridi za leo hesabu zipo, tena za kila saa, lakini zimehifadhiwa katika kompyuta za kampuni, na mteja huona salio lake tu. Naona hilo ni kasoro kubwa. Muhtasari wa kila mwezi, uliobandikwa ofisi ya kijiji, ungeonyesha umeme uliozalishwa, uliouzwa na uliopotea, na programu inaweza kuuchapa kwa dakika moja.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, zinampa mwenye gridi ndogo njia kadhaa Gridi ya Taifa inapomfikia: kuiuzia TANESCO umeme wake, kununua kwa jumla na kuendelea kusambaza, au kulipwa fidia ya nguzo na nyaya. Kila njia inategemea kumbukumbu za mauzo na mzigo wa gridi. Kijiji kisicho na nakala ya kumbukumbu hizo kitaingia katika mazungumzo ya hatima ya gridi yake mikono mitupu.