More Fun Comics
More Fun Comics lilikuwa jarida la katuni la Marekani lililochanganya visa vya kusisimua na vichekesho. Lilianzishwa na Malcolm Wheeler-Nicholson, mwanajeshi wa zamani aliyegeuka mwandishi, na toleo la kwanza lilitoka Februari 1935 kwa jina la New Fun. Wakati huo vitabu vingi vya katuni vilirudia michoro iliyokwisha kuchapishwa magazetini. Jarida hili lilithubutu kujaza kurasa zake kazi mpya, na hapo ndipo ulipo uzito wake katika historia ya sanaa hii. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, walianza kuchapishwa humo Oktoba 1935 kwa visa kama vya Doctor Occult, mpelelezi wa mambo ya mizimu, miaka michache kabla ya kumleta Superman. Baadaye mashujaa waliongezeka: Spectre na Doctor Fate (1940), Aquaman na Green Arrow, waliozaliwa pamoja katika toleo la 73 (1941), kisha Superboy (1945). Mwaka 1946 mashujaa waliobaki walihamishiwa jarida la Adventure Comics, na More Fun likaegemea vichekesho. Toleo la mwisho, la 127, lilitoka mwishoni mwa 1947.