Buibui wa Usambara na Orodha ya Wanaoanza

Orodha ya tarantula wanaomfaa mfugaji anayeanza imeandikwa na bei kuliko kitu kingine chochote. Mimi ni fundi wa viyoyozi, si mwanasayansi, lakini nimefuga buibui hawa hapa Dortmund tangu miaka ya tisini, na nimeiona orodha hiyo ikigeuka kila nchi moja ilipofunga mlango na nyingine kuufungua. Mpwa wangu tayari anaye mmoja, jike la Meksiko lenye magoti mekundu, na sasa anataka wa pili. Amemchagua yule wa Usambara. "Mjomba, huyu si wa kwetu?" ananiuliza. Mimi mzaliwa wa Muheza, chini ya milima ya Usambara, nitabishaje? Nimebisha hata hivyo, na hoja zangu zinaanzia mbali.

Ulaya iliwaogopa tarantula kabla ya kuwajua. Mwaka 1705 Maria Sibylla Merian, mchoraji aliyerudi kutoka Suriname, alichapisha kitabu chenye picha ya buibui mwenye manyoya akimla ndege mdogo kwenye mti wa mpera. Wapo wasomi waliokuja baadaye wakamwona mwongo. Aliyemtetea ni Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa Amazon miaka 11. Katika kitabu chake cha 1863 alisimulia jinsi alivyomkuta buibui wa namna hiyo akiwa amewanasa ndege wawili wadogo. Humo humo mna habari ninayoipenda kuliko zote: watoto wa familia moja ya wenyeji walimfunga buibui kamba kiunoni wakawa wanamtembeza nyumbani mwao. Wafugaji wa Ulaya hupenda kujiita waanzilishi wa mchezo huu. Wale watoto waliwatangulia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Buibui wetu wa Afrika Mashariki waliingia Ulaya wakiwa maiti, ndani ya chupa za pombe kali. Msafara wa Baron von der Decken, uliofika Kilimanjaro miaka ya 1860, ulirudisha wadudu na buibui wengi, na mwaka 1873 mwanasayansi Gerstäcker akawaeleza katika kitabu kuhusu viumbe wa eneo la Zanzibar. Kisha akaja Gustav Fischer, daktari aliyetumwa na chama cha jiografia cha Hamburg kwenda nchi ya Wamasai. Alianzia Pangani, mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu kutoka kwetu, akafika mpaka ziwa Naivasha mwaka 1883. Kati ya vitu alivyorudi navyo alikuwamo buibui mnene wa rangi ya kahawia iliyoiva, ambaye Ferdinand Karsch alimpa jina la Pelinobius muticus mwaka 1885. Miaka 15 baadaye Mwingereza Reginald Pocock alimpa buibui huyo huyo jina jingine, Citharischius crawshayi, la kumuenzi Mwingereza mwenzake aliyeitwa Crawshay. Wafugaji waliendelea kutumia jina la Pocock hadi mwaka 2010, ilipothibitika kwamba ni mnyama mmoja. Jina la aliyeshika jembe na kumtoa shimoni halimo katika lolote kati ya hayo mawili. Na yule mnyama hukaa ndani sana. Hatoki kwa kubembelezwa.

Ni Pocock huyo huyo aliyemweleza Pterinochilus murinus mwaka 1897. Aina hii imeenea Afrika ya kati, mashariki na kusini, na kwa sehemu kubwa ina rangi ya vumbi. Ile yenye rangi ya chungwa iliyokoza ndiyo iliyokuja kuuzwa dunia nzima kwa jina la Usambara.

Mwaka huo huo wa 1897, F. O. Pickard-Cambridge alimweleza buibui wa Meksiko mwenye magoti mekundu, Brachypelma smithi. Huyu ndiye aliyeanzisha biashara ya buibui hai kama tunavyoijua. Miaka ya sabini na themanini aliletwa kwa wingi Marekani na Ulaya akiwa mkubwa tayari, amekamatwa porini. Mpole, mzuri, anavumilia makosa ya mwenye nyumba. Akichokozwa hugeuka na kukupangusia manyoya ya mgongoni, ambayo huwasha kama upupu, lakini huuma kwa nadra. Waongozaji wa filamu walimpenda kwa sababu hizo hizo. Vitabu vikasema: anza na huyu. Kama angekuwa anatoka nchi isiyouza, nadhani visingemtaja. Mwaka 1985 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ukambana, na miaka ya tisini ukaibana jenasi yake yote. Kichekesho kilikuja mwaka 2017, watafiti wa Meksiko walipoonyesha kwamba wengi wa waliouzwa kwa jina la smithi walikuwa aina nyingine kabisa, Brachypelma hamorii. Kibandiko kwenye sanduku la mpwa wangu bado kina jina la zamani.

Meksiko ilipobanwa, Chile ikaziba pengo. Buibui wa Chile, Grammostola rosea, alijaa madukani kwa bei ya chakula cha mchana, na mara moja vitabu vikamgeuza yeye kuwa wa kuanzia. Ndiye wangu wa kwanza. Sina ubaya naye, ila ni mnyama anayeweza kukataa kula miezi mingi bila ugonjwa wowote, na asiyejua hilo hukosa usingizi bure. Tena alikuwa amekamatwa porini: hujui umri wake wala ana miaka mingapi mbele yake. Jike la tarantula wa Amerika linaweza kupita miaka 20. Dume, likishajivua gamba la mwisho na kupevuka, humaliza maisha yake kwa muda mfupi. Walionunua dume pevu wakidhani wamepata mwenzi wa uzeeni ni wengi.

Ushauri nao ulikosea. Kwa wale wa mitini, jamii ya Avicularia, tuliambiwa tuwanyunyizie maji kila siku na kuziba matundu ili unyevu usitoke. Walikufa hovyo. Leo wafugaji wazoefu wanasema kinyume: hewa ipite vizuri, bakuli la maji liwepo, udongo usilowe muda wote. Mnyama hajabadilika, sisi ndio tulichelewa kuelewa kwamba msitu wa mvua una upepo.

Kilichonusuru mambo ni uzalishaji. Kifuko kimoja cha mayai hutoa vitoto mamia, na wafugaji wa Ulaya walipoupata ujuzi, nchi za asili zikapungua umuhimu. Hapo akapanda buibui wa Amerika ya Kati mwenye manyoya yaliyojikunja, albopilosus, aliyeelezwa na Valerio mwaka 1980 na ambaye sasa yumo katika jenasi ya Tliltocatl. Si wa kupendeza sana. Ukimtazama haraka unaweza kudhani ni kipande cha nyuzi za nazi. Lakini anakula, anakua, anachimba, anajitokeza kutazamwa, na sioni aliyemfuga akajuta.

Sasa turudi Usambara. Yule wa rangi ya chungwa huzaliana kwa urahisi, huvumilia ukavu, hula bila kubembelezwa na hutanda utando sanduku zima. Kwa muuzaji hizo zote ni sifa, na ndiyo maana katika soko la wanyama la Hamm, hapa Ujerumani, kitoto chake huwekwa kwenye kikopo cha bei ya chini kabisa, pale pale anapopita kijana mwenye noti moja mfukoni. Bei ile ndiyo mtego. Kama buibui wote wa Afrika, hana manyoya ya kuwasha. Silaha yake ni kasi na meno. Ukifungua kifuniko yuko sakafuni. Ukimfuata husimama kwa miguu ya nyuma, meno wazi. Sumu yake haiui mtu mzima mwenye afya, ila maumivu ni makali, na walioumwa husimulia misuli iliyokaza siku kadhaa. Anayejua kumhamisha buibui kwa kikopo na brashi, bila kuingiza mkono, atamfuga vizuri. Mpwa wangu bado anatumia vidole.

Na kuhusu "wa kwetu": serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na hata kabla ya hapo wengi wa hawa wa rangi ya chungwa walikuwa wakizaliwa Ulaya, kizazi baada ya kizazi. Anayeuzwa Hamm ana Usambara kwenye jina tu. Mama yake na bibi yake wamezaliwa ndani ya sanduku. Ukitaka wa kwetu hasa, yupo yule wa Fischer, Pelinobius: mkubwa, anayetoa sauti ya mkwaruzo akikasirika, mwenye miguu ya nyuma minene ya kuchimbia. Jike lake huchukua miaka mingi kukomaa, na kwa muda mwingi utakuwa unafuga tundu lenye udongo. Huyo naye si wa pili. Labda wa saba.

Basi, kwa yeyote mwenye tarantula mmoja anayetafuta mwenzake: chukua albopilosus mdogo aliyezalishwa, umlee mpaka ajivue mara kadhaa mbele yako. Ukimudu, fuata na Avicularia, ujifunze kushughulika na mnyama anayeruka. Wa Usambara aje baada ya hapo, ukiwa na brashi mkononi. Muulize muuzaji alizaliwa kwa nani na lini. Akishindwa kukujibu, funga pochi yako. Na ukienda likizo Lushoto au Amani ukaona tundu lenye utando mdomoni, piga picha, uliache.