Muswada huu ameusoma nani?

Kijana wa Kayanga au wa Nkwenda akishamaliza kuandika riwaya yake, madaftari manne yamejaa wino, hukabiliwa na swali gumu kuliko yote aliyokutana nayo alipokuwa akiandika. Nani aisome? Mama atasema ni nzuri, kwa kuwa mtoto ni wake. Rafiki atasema ni nzuri, kwa kuwa hataki ugomvi. Mwalimu wa Kiswahili atapigia mstari makosa ya tahajia na kuishia hapo. Mchapishaji yuko Dar es Salaam, na huenda asijibu barua. Ndipo hujitokeza mtu mwingine anayesema: lete muswada wako pamoja na ada, nami nitakueleza penye kasoro. Watu wa kazi hiyo siku hizi wapo, wa riwaya na wa filamu, hapa nchini na ng'ambo.

Leo sikusudii kuwasifu wala kuwalaani. Nataka turudi nyuma kwenye historia, maana kazi ya kusoma na kutengeneza muswada wa mwingine kwa malipo si ngeni. Tena kitabu kilichoitangaza Karagwe duniani, Karagwe ile ambayo mwaka 2012 ilimegwa ikazaliwa Wilaya ya Kyerwa, kilipita katika mikono ya mtu wa namna hiyo.

Mwezi Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na mwenzake James Grant, aliingia Karagwe akitafuta chanzo cha Mto Nile. Alipokewa na Mkama Rumanyika kwa heshima kubwa. Speke mwenyewe ameandika kwamba mfalme huyo alimsalimu kwa Kiswahili kizuri, jambo ambalo halishangazi, kwa kuwa wafanyabiashara kutoka pwani na Tabora walikuwa wamekwisha kuweka kituo chao Kafuro, humo humo Karagwe. Januari 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda. Grant alibaki kwa Rumanyika akiuguza mguu hadi mwezi Aprili.

Speke aliporudi kwao alimpelekea muswada John Blackwood, mchapishaji wa Edinburgh. Blackwood aliusoma akashika kichwa. Habari zenyewe zilikuwa adimu, lakini uandishi ulikuwa wa kitoto na haueleweki. Basi akaajiriwa mwanahistoria wa Scotland, John Hill Burton, aunyooshe. Tusimchanganye bwana huyu na Richard Burton, msafiri aliyekuwa hasimu wa Speke. Ni majina tu yamegongana. Huyu wa Edinburgh alipanga upya sentensi, akapunguza, akaondoa mambo yaliyoonekana hayafai kusomwa na watu wenye adabu zao, na Speke akatoka kitabuni mwenye haiba kuliko alivyojiandika mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1863. Habari za marekebisho hayo ziliwekwa wazi miaka mingi baadaye, na watafiti waliochambua kumbukumbu za kampuni hiyo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusimame. Burton alikuwa fundi, na kazi aliyopewa aliifanya. Lakini alikuwa hajafika Karagwe, na hakuwepo Mnyambo wa kumuuliza. Kwa hiyo Kiingereza kilinyooka, na makosa ya Speke yakabaki palepale, yamevaa nguo safi. Rumanyika akabaki Rumanika. Bweranyange, makao ya mfalme, ikaandikwa Weranhanje. Ziwa ambalo wenyeji walikuwa wanalo jina lake likaitwa Windermere Ndogo, kwa kulifananisha na ziwa la Uingereza.

Majina yaliyokosewa ni hasara ndogo. Hasara kubwa ilikuwa ile sura ya kitabu ambamo Speke alidai kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa makuu, aliowaita Wahuma, walikuwa kabila la wageni lililotoka upande wa Uhabeshi, bora kuliko wananchi waliowakuta. Mwenyewe alikiri kwamba ni nadharia yake. Hakuna aliyemwambia aithibitishe au aiache. Nadharia hiyo ilichukuliwa na wengine, ikakuzwa, ikafundishwa shuleni wakati wa ukoloni, na huko Rwanda ikawa miongoni mwa kuni zilizochochea chuki baina ya ndugu. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe wakikimbia vita na mauaji, ni wachache waliokumbuka kwamba wazo moja katika sumu ile liliwahi kupita mezani kwa mhariri, akalisahihisha vituo na mikato. Sisemi kitabu kimoja kiliua watu. Nasema muswada unaweza kusomwa na fundi wa lugha, ukapendeza, na bado ukawa haujasomwa.

Ilichukua zaidi ya miaka 110 kabla mwanahistoria wa Kitanzania, Israel Katoke, hajatoa kitabu kizima juu ya ufalme wa Karagwe, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1975. Jina la Rumanyika likaandikwa kama wenyewe wanavyolitamka.

Na je, waandishi wa Kiswahili walisomewa na nani? Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ziliunda Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Wengi wetu tunaikumbuka kwa kusanifisha lugha na kwa makamusi yake. Lakini katika majukumu yake yalikuwemo pia haya: kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao, kuwashauri wote wanaokusudia kuandika vitabu, na kusahihisha lugha ya miswada. Waama, hiyo ndiyo huduma ambayo leo kijana wetu anaitafuta kwa ada. Shaaban Robert mwenyewe alipata kuwa mjumbe wa Kamati hiyo katika miaka yake ya baadaye. Hata hivyo jicho la Kamati lilikuwa kwanza juu ya usanifu wa lugha. Mwandishi angeweza kurudishiwa muswada wake umenyooshwa sarufi, lakini kama kisa kililegea katikati, hilo lilikuwa shauri lake.

Mwaka 1948 ikaja Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, chini ya Charles Richards. Hawa walisoma miswada ya Waafrika, wakatoa ushauri, wakaendesha na mashindano. Katika shindano lao la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa akaingia nyumbani mwetu kwa mlango huo.

Lakini wako waliokosa mlango. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisomeshwa seminari ya Rubya, katika mkoa huu tunaouita Kagera leo, jirani kabisa na Karagwe. Alimaliza riwaya yake kubwa mwaka 1945, akaiandika kwa Kikerewe, lugha iliyo ndugu wa Kihaya na Kinyambo. Wamisionari waliomfahamu walimsifu. Sifa zile hazikuchapisha hata ukurasa mmoja, kwa kuwa hakuna mchapishaji aliyetaka kitabu cha lugha ya watu wachache. Mwishoni mwa miaka ya sitini wataalamu wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika Ukerewe wakauona muswada, wakamshauri autafsiri kwa Kiswahili. Mzee akaketi akautafsiri mwenyewe. Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumalizika. Kitereza alifariki mwaka 1981.

Angalieni tofauti. Speke alipata mtu wa kumnyooshea sentensi, akakosa wa kumwambia kwamba hapa umekosea. Kitereza, ambaye alikuwa anayajua mambo yake barabara, alipata wa kumsifu, na kwa zaidi ya miaka 20 akakosa wa kumwambia la kufanya. Ushauri uliomfaa hatimaye ulikuwa wa maneno machache tu, lakini ulitoka kwa watu waliotaka kitabu kiishi.

Tangu wakati huo tumejaribu mengi. BAKITA iliundwa mwaka 1967, na katika kazi zake imo ya kuthibitisha lugha ya miswada. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 uliendesha warsha za waandishi na wachoraji. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Haya ni mambo mema. Lakini shindano humwambia mwandishi kwamba ameshinda au ameshindwa. Aghalabu halimwambii kwa nini. Na kwa upande wa filamu, sheria ya mwaka 1976 inamtaka mtengenezaji aombe kibali kabla ya kupiga picha. Anayesoma kwa ajili ya kibali anatafuta lisiloruhusiwa. Kama mazungumzo ya wahusika yamepooza, hilo si jukumu lake.

Kwa hiyo pengo lipo, na wanaolijaza kwa ada hawana kosa. Mganga hulipwa, fundi cherehani hulipwa, na anayekesha na madaftari yako manne naye ale. Ila kijana wa Kayanga, kabla hujauza debe la maharage ili umlipe, muulize mambo matatu. Je, atasoma muswada wote, au kurasa kumi za mwanzo? Je, ataandika maoni yake, akionyesha ukurasa na sababu, au atakwambia tu kwamba una kipaji? Na hadithi yako ikiwa inatendeka Murongo au Bweranyange, je, anayajua maisha ya huko, na kama hayajui, yuko tayari kukuuliza kabla ya kukata? Akikubadilishia jina la mto au desturi ya msiba ili msomaji wa mbali afurahi, ujue umempata Burton wako.

Kisha lipo jicho ambalo halidai ada. Wapiga enanga wa Wahaya na Wanyambo hawakuwa na mhariri. Walikuwa na wasikilizaji wanaojua kisa na wanaojua jina la kila shujaa na baba yake. Mpigaji akiboronga, huona nyusoni mwao papo hapo. Mwandishi wa leo naye awakusanye wazee wawili, vijana watatu na mtu mmoja asiyempenda, awasomee sura moja kwa sauti. Wanapopiga miayo aweke alama. Wanapobishana aweke alama mbili. Akishafanya hivyo ndipo apeleke muswada kwa mtaalamu, akiwa tayari anajua anamwuliza nini.

Halmashauri zetu za Karagwe na Kyerwa nazo zinaweza kusaidia bila gharama kubwa: chumba kimoja cha shule siku ya Jumamosi, na walimu wawili wenye moyo wa kusoma. Redio za jamii zinaweza kutoa nusu saa kwa juma ili muswada usomwe hewani na wasikilizaji watoe maoni. Tukifanya hivyo, mgeni mwingine akija na daftari lake kuandika habari za Karagwe, atakuta vitabu vya wenyewe vimekwisha kutangulia, tena vimesomwa na wanaojua.